Ulaya kwa Kushika Lori

Jumapili, 9 Septemba 2012

Leo kanisani nimesema kitu. Sijui kilitoka wapi.

Ilikuwa baada ya ibada, tunakunywa chai kwenye korido. Gustave, yule fundi cherehani wa Lubumbashi mwenye viatu vilivyochongoka kama penseli, akaanza kutangaza. Siku atakayooa, mke wake atapelekwa Durban wiki nzima. Hoteli! Dirisha linatazama bahari! Wanawake wote wakasema aaa. Vestine naye akasema aaa. Nilimsikia. Aaa yake naijua.

Vestine anasuka nywele saluni hapa mtaani kwetu, Rosettenville. Ndiye nitakayemuoa. Yeye anajua, mimi najua, Baba Lambert atakayeongoza wazee wangu kwenda kuposa anajua. Tatizo ni Tantine Léocadie, shangazi aliyemlea. Bila Tantine hakuna siku ya kuposa. Tangu Pasaka ananiambia tutaona mwanangu, tutaona.

Basi nikasema kwa sauti kwamba mimi mke wangu nitampeleka Ulaya. Nikaona haitoshi. Nikaongeza: kwa baiskeli. Ulaya yote.

Gustave, anayeniita petit, yaani mdogo, alicheka mpaka chai ikamtoka puani. "Petit, baiskeli yenyewe unayo?" Nikamwambia baiskeli ni kitu kidogo. Vestine hakusema aaa. Aligeuka, akanitazama muda mrefu, kama mtu anayesoma bei.

Basi. Ulaya imeamuliwa.

Jumanne, 11 Septemba

Meza yangu ya kutengeneza simu iko mjini, mlangoni kwa duka la jumla la mablanketi. Leo wateja walingoja. Nilikuwa na atlasi! Ya watoto wa shule, nimeiokota kwa muuza vitabu wa kando ya barabara. Ukurasa wa Afrika umechanwa. Haidhuru. Afrika naijua.

Simu sikufundishwa na mtu. Nilifungua moja, nikaona. Ulaya ni vilevile. Unaifungua, unaona.

Nimeandika kanuni. Naiita Kanuni ya Bugarama. Kila aliyebeba ndizi kwa baiskeli kutoka Bugarama kwenda Bujumbura anaijua. Kushuka, mlima unakupeleka. Kupanda, unashika lori kwa nyuma. Kunyonga pedali ni kwa watu wasiofikiri. Kazi hiyo niliifanya misimu miwili kabla ya kukimbia nchi yetu, Burundi, na pedali zangu zilibaki mpya.

Kwa hiyo Ulaya ni rahisi. Unatafuta milima. Penye mlima lori linapunguza mwendo, likipunguza mwendo unashika. Uswisi, nzuri sana. Austria, nzuri. Uholanzi nimeifuta kwa kalamu. Tambarare tupu! Lori halipunguzi mwendo hata mara moja, utanyonga asubuhi mpaka jioni kama umehukumiwa. Nasikia watu wa huko wanapenda baiskeli. Siwaelewi. Labda hawajawahi kusafiri.

Jioni nilimwonyesha Vestine. Akauliza kwa nini mstari wangu unapita kwenye rangi ya kahawia tu, ile ya milima. Nikamweleza Kanuni. Akaifunga atlasi. Nimechukulia kwamba amekubali.

Alhamisi, 13 Septemba

Baiskeli imepatikana! Mzee mmoja Mreno, mtaa wa nyuma, alikuwa nayo gereji chini ya magunia. Nilimtengenezea simu, na ya mkewe, na redio ambayo haikuwa imeharibika. Chuma kizito, cha zamani. Breki hakuna. Si neno. Breki ya Bugarama ni kandambili. Unakandamiza tairi kwa kisigino, habari imekwisha. Nimefunga keria pana nyuma.

Régis alipita mezani. Huyu ni mtu wetu wa Bujumbura, anasoma sheria chuoni Braamfontein, na hawezi kuona furaha bila kuiuliza maswali. Akaniambia kwa ile karatasi yangu ya ukimbizi siwezi kuvuka hata kwenda Lesotho, na Lesotho iko ndani ya tumbo la nchi hii. Viza nitapata wapi? Nikamwambia kwanza keria, halafu viza. Kila kitu kina zamu yake. Akasema, "Sharp, mkubwa," akaondoka anatikisa kichwa.

Kusoma sana kunaua safari za watu.

Jumamosi, 15 Septemba

Ubaya wa Gustave ni kwamba anashona vizuri. Keria ilihitaji mto. Nikampelekea sponji na kipande cha kitenge, nikasema ni kiti cha bibi mmoja mgonjwa wa mgongo. Alipima. Akatia ukingo. Akaweka vifungo vya kufungia chini, na mimi sikuwa nimeviomba! Kazi safi. Niliichukia njia nzima.

Jioni nikapeleka baiskeli uani kwa Tantine. Nikapiga kengele. Vestine akatoka, mikono bado ina mafuta ya nywele. Akasema nzuri, na ya kwake iko wapi? Nikapigapiga mto kwa kiganja. Nikamwambia ndiyo hii. Mimi mbele, yeye nyuma, amekaa upande, miguu pamoja, kama madamu wa Bujumbura. Ulaya nzima ameketi!

Akauliza mizigo itakaa wapi. Nikamwambia ataipakata.

Eish.

Hakupiga kelele. Bora angepiga. Aliingia ndani na mlango ukamalizia. Tantine ndiye aliyebaki nami. Alizunguka baiskeli kama anakagua mbuzi wa mahari. Akabonyeza mto. Akauliza nani ameshona, nikasema fundi mmoja. Akasema huyo fundi ana adabu. Halafu akasema, "Fiacre mwanangu, mtoto wangu si mkungu wa ndizi."

Akatoa hukumu pale pale. Tarehe ishirini na nne ni sikukuu, Heritage Day, watu hawafanyi kazi. Yeye na Baba Lambert watachukua teksi mpaka Zoo Lake, lile ziwa dogo la kupumzikia huko kaskazini. Watakwenda na masufuria. Mimi na Vestine twende kwa baiskeli, kila mtu na yake, kutoka hapa Rosettenville, tupite mjini, tupande kilima cha Braamfontein. Tukifika wote wawili juu ya baiskeli, masufuria yatafunguliwa na siku ya kuposa itatajwa hapo hapo kwenye majani. Mmoja asipofika, nisimsumbue tena Baba Lambert kuvaa suti yake.

Nilikubali kabla hajamaliza. Zoo Lake! Mimi ninayekwenda Uswisi!

Jumatano, 19 Septemba

Vestine amepata baiskeli. Ni ya binti wa bosi wake wa saluni, ya zambarau, ina kikapu mbele. Kuendesha hajui. Kwetu msichana kupanda baiskeli ilikuwa aibu, watu wangekwenda kumsema kwa baba yake. Nilimwambia asijali, nitamfundisha nikimaliza Austria.

Leo nimepita uwanja wa kanisa. Anajifunza. Na ni nani anashika siti kwa nyuma, anakimbia na viatu vya penseli, tai imerukia begani? Gustave! Akanipungia mkono. "Petit, wewe endelea kuchora!"

Vestine akaangukia maua ya mchungaji. Akainuka, akapanda. Akaanguka. Akapanda tena, na jani la ua limemganda kichwani. Sikuona maana yoyote. Mwenye Kanuni haanguki hivyo.

Mazoezi yangu mimi ni ya akili. Nilikwenda kusimama kwenye roboti, zile taa za barabarani za Braamfontein, nichunguze magari ya kushika. Yale mabasi mapya ya mjini nimeyakataa. Kwa nyuma ni laini kama yai. Hakuna ngazi, hakuna chuma, hakuna hata mkia wa kamba! Nilipapasa moja likiwa limesimama kituoni, mlinzi akaja kuuliza natafuta nini. Nikamwambia pa kushika. Akasema pa kushika pako ndani, panda kama watu. Maendeleo gani haya.

Teksi nazo, vile vibasi vidogo, abiria wa siti ya nyuma wanakukazia macho. Lori. Siku zote lori.

Ijumaa, 21 Septemba

Mazoezi ya kushuka. Nimekishuka kile kilima kirefu cha mtaani kwetu. Ndege! Mama wa spaza, kile kiduka cha kona, alianza kusali kwa Kizulu. Kandambili ya kulia imeyeyuka. Mpaka sasa nanusa mpira.

Vestine alikuwa amesimama pale chini na baiskeli yake ya kikapu. Akaniuliza swali la ajabu. Je, nimewahi kupanda kilima kwa kunyonga, kilima chochote, popote, tangu nizaliwe? Nikamwambia hilo ni swali la mtu asiyeijua Bugarama. Akasema kweli haijui, alitoka nchini akiwa mdogo, lakini anauliza tena. Nikamwambia kupanda ni jambo moja na kufika ni jambo lingine.

Akasema sawa. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Durban haitaki. Ulaya nayo, akiiona sawa, asipoiona sawa. Siku ile kanisani alinitazama kwa sababu ya lile neno baiskeli, maana tangu utoto alitamani kuendesha na akakatazwa, na hajawahi kusikia mwanamume akiliweka hilo kwenye mambo ya ndoa. Kwa hiyo Jumatatu anaomba kitu kimoja tu. "Fika, Fiacre. Hata ukichelewa. We fika."

Nilimwambia sitachelewa hata kidogo. Nitakuwa wa kwanza.

Baba Lambert alikuwa anasikiliza kutoka dirishani kwake. Alicheka mpaka akaanza kukohoa. Uzee.

Jumatatu, 24 Septemba

Naandika nikiwa nimekaa upande mmoja. Nitaeleza.

Asubuhi tulitoka vizuri. Mteremko wa kwenda mjini nilimwacha Vestine mbali sana. Nilimsubiri chini na kandambili inatoa moshi. Mjini palikuwa kimya, maduka yamefungwa, harufu ya nyama choma inatoka kila ua. Tukavuka daraja la reli. Tukafika Braamfontein. Barabara ikaanza kuinuka.

Nikasimama kwenye roboti. Nikaangalia nyuma.

Hakuna lori.

Sikukuu! Nchi nzima inachoma nyama, nani atapakia lori? Hili halikuwa kwenye Kanuni. Bugarama hakuna sikukuu ya malori.

Roboti ikawa kijani. Ikawa nyekundu. Ikawa kijani. Vestine akauliza tunasubiri nini. Nikamwambia usafiri. Akanitazama, akatazama kilima. Akasema si kirefu, tukipanda polepole tunafika, na akichoka tutasukuma pamoja, hakuna atakayeona. Nikamwambia atangulie, nitampita.

Akatangulia. Alipanda polepole kweli, mgongo umenyooka, kama amebeba ndoo ya maji kichwani. Baiskeli inayumba kidogo. Hakugeuka nyuma.

Ndipo likaja. Lori! Zee, lina moshi mweusi, limejaa makreti matupu ya mboga, na nyuma lina ngazi ya chuma kana kwamba liliundwa Burundi. Likapunguza mwendo. Mkono wangu ukajipeleka wenyewe. Miaka mingi nimekaa nchi hii, na mkono haujasahau!

Sijui niseme nini. Ilikuwa tamu. Majengo yakawa yanarudi nyuma. Nikamfikia Vestine, nikampita, nikampungia. Alipiga kelele kitu. Nilidhani ananipongeza. Sasa nafikiri alisema, "Linakata kona!"

Lilikata kona. Likaingia barabara kuu ya mwendo kasi.

Kule huwezi kuachia. Ukiachia, wewe ni chapati. Nikashika kwa mikono miwili na baiskeli nimeibana kwa magoti. Magari yanapiga honi. Watoto kwenye kiti cha nyuma cha gari moja wakanipiga picha. Nikaona tunaelekea kusini. Nikaliona tena daraja la reli, safari hii kwa ubavuni. Nikaiona mijengo ya mjini inaniaga. Nikaviona vile vilima vya mchanga wa migodi. Kwa mbali nikaona Rosettenville, na nadhani niliona na shuka langu kwenye kamba.

Lori likasimama kwenye soko kubwa la mboga. Ndipo nikaangukia tako moja, lori likiwa limeshasimama. Dereva akashuka, akanitazama pale chini. "Hawu, bhuti, ufunani lapha?" Aliuliza natafuta nini pale. Nikamwambia nakwenda Zoo Lake. Hakucheka. Aliingia kwenye lori, akatoka na kabichi moja iliyosahaulika chini ya makreti, akanipa. Sijui alinifikiriaje.

Nimerudi nyumbani nikisukuma. Hakuna mtu. Wote wako ziwani.

Kwa hesabu ya aliyefika nyumbani wa kwanza, nimeshinda.

Jumanne, 25 Septemba

Habari zimekuja, nyingi na zimechanganyika.

Vestine alifika. Alifika Zoo Lake peke yake, juu ya baiskeli, jasho linamchuruzika, na Tantine Léocadie akapiga vigelegele mpaka bata wakahama. Halafu Tantine akauliza bwana harusi yuko wapi. Vestine akasema ametangulia. Wakanisubiri. Baba Lambert alikaa na suti na kofia juani. Jua likazunguka. Mwishowe Tantine akasema masufuria hayali yenyewe.

Gustave alikuwepo. Alikuja na teksi, ati anapita tu. Alikula sehemu yangu. Ndizi za maharage!

Waliporudi jana jioni walinikuta uani kwa Tantine na kabichi. Nikampa Tantine kwa mikono miwili. Aliipindua, akaikagua. Akauliza kama hii ndiyo imetoka Ulaya.

Hakuna aliyecheka isipokuwa wote.

Nikaanza kueleza kuhusu sikukuu na malori. Vestine akainua mkono. Akasema hukumu ya Tantine imekwisha, sasa anasema yeye. Kila Jumapili baada ya ibada atakipanda kile kilima cha Braamfontein. Amekipenda. Siku nitakayokipanda naye, ubavuni mwake, kwa miguu yangu, Baba Lambert aje kuposa kesho yake na yeye mwenyewe atamfungulia mlango. Isipofika hiyo siku, haitafika, na hatalia. Tantine akasema mtoto amesema.

Alisema bila hasira. Alikuwa anachomoa jani kwenye mnyororo wa baiskeli yake huku anasema.

Halafu Gustave akauliza kwa sauti ya mtu asiyejali, hivi baiskeli za watu wakubwa zinauzwa wapi?

Alhamisi, 27 Septemba

Gustave amenunua baiskeli. Nyeusi, ina gia. Amejishonea na suruali ya kuendeshea, ina mshono mwekundu pembeni. Nampa miezi kukimaliza kile kilima. Baba Lambert anampa wiki.

Nimejaribu kilima cha mtaani kwetu, cha kushuka, lakini kwa kupanda. Nimefika kwenye spaza ya kona. Mama wa spaza akanipa kiti bila kuuliza. Mapaja yanatetemeka kama simu iliyowekwa kimya. Hivi ndivyo watu wanavyosafiri? Kwa hiari?

Baba Lambert alikuja kukaa nami. Yeye naye alibeba ndizi ujanani. Akaniambia lori ni zuri, ila kuna kitu kimoja: lori halijakuchukua wewe, lori linakwenda kwake.

Nimelifikiria sana neno hili. Ni kweli kabisa. Nimekaa nalo mpaka chai imepoa.

Jumapili, 30 Septemba

Gustave alijaribu leo. Alifika nusu ya kilima, gia zikalia, akashuka kusukuma, kiatu kimoja cha penseli kikabaki kwenye pedali. Vestine alipanda mpaka juu bila kusimama, akateremka, akapanda tena. Mimi niliangalia kutoka kwenye roboti. Sikujaribu. Nilikuwa nafanya uchunguzi.

Baba Lambert amenifungua macho. Kanuni haina kosa. Kosa lilikuwa lori! Lori linakwenda kwake, halijui unakokwenda wewe. Kumbe kinachotakiwa ni kitu chenye nguvu ya kupanda, chenye mwendo wa polepole, kisichokata kona bila kukuambia, na ambacho kila mara kinakwenda pale pale unapokwenda wewe.

Nimekaa nacho kanisa moja muda wote huu na sikukiona.

Baiskeli ya Vestine ina chuma kizuri chini ya siti. Nimenunua kamba, nyembamba, ya kijani, ile ya kuanikia nguo. Jumapili ijayo nitakuwa nyuma yake kidogo, si mbali. Mtu akitazama kutoka mbele, ataona ni ubavuni.

Vestine aliiona kamba mfukoni mwangu tukitoka. Akauliza ya nini. Nikamwambia ya shuka. Akanitazama kama ile siku ya chai, akacheka, mara ya kwanza tangu sikukuu. Akaniambia nisisahau kwamba yeye ni mtu wa saluni, mkasi hautoki mfukoni mwake hata Jumapili. Sijui kwa nini aliniambia hivyo. Labda anataka kuninyoa kabla ya harusi.

Nimefungua atlasi. Vestine akiwa mbele, tambarare si neno tena. Uholanzi nimeirudisha.